Nilimwaga Maji ya Mama Mkwe Mwezini

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, nimekosa! Nasema mapema kabla hamjaanza kunionea huruma, maana watu wakisikia kuna kijana ameahirishiwa ndoa, moja kwa moja wanamlaumu mwanamke. Msimlaumu. Mwenye kosa ni mimi. Na yule mbuzi naye hakuwa na kosa lolote, ingawa habari yake nitaifikia baadaye.

Jina langu naomba mliache. Si siri sana, kwa sababu Newala nzima inanijua na Masasi wameanza kunijua. Lakini mama yangu mzazi yuko Lukuledi, hajasikia bado, na gazeti hili kule kijijini husomwa kwa sauti barazani. Nitamwambia mwenyewe, nipeni muda kidogo.

Mimi nilikuwa utingo wa lori la korosho. Masasi na Newala ndiyo njia yangu, magunia ndiyo mto wangu. Siku moja lori liliharibika juu huko Newala, na binti mmoja akatoka kwao akatuletea maji ya kunywa bila kuombwa. Mimi mtoto wa bondeni nikanywa, kisha nikaomba kata nyingine ninawe uso! Yule binti alinicheka mpaka akakaa chini. Ndiye Anjela.

Wazee wangu wakapeleka posa, ikakubaliwa. Kwetu huku mume ndiye anayehamia kwa wakwe, akajenga na kulima huku anaangaliwa. Na mama yake, Mama Anjela, alikuwa anajua kuangalia! Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," anaitikia, "Marahaba baba," halafu anakutazama kama anayepima kitambaa.

Sasa nimlete Bwana Picha.

Bwana Picha ndilo jina tulilompa mpiga picha mmoja wa sokoni Masasi. Alikuwa amepata kamera ya sinema na mashine yake ya kuonyeshea kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago baada ya ile kazi ya mashamba ya karanga kwenda mrama. Mzungu hakutaka kubeba vyuma vizito. Bwana Picha akavibeba yeye, na tangu siku ile akawa hakamatiki.

"Sisi sinema tunazoletewa ni za nini?" alikuwa akituuliza. "Gari linakuja, shuka linatundikwa, tunaonyeshwa namna ya kuchimba choo. Mwaka unaofuata linarudi, tunaonyeshwa choo kilekile! Mimi nitatengeneza sinema isiyo na choo."

Redioni tulikuwa tumesikia kwamba kuna chombo kimerushwa angani na kinaizunguka dunia. Basi Bwana Picha akawaka moto. Akatunga hadithi ya mambo ambayo hayajakuwapo bado: watu wa Newala wamechoka kushuka na kupanda mteremko kuteka maji, wanaunda chombo chao wenyewe, wanakwenda mwezini, wanakuta kisima kisichokauka, na wanavuta bomba kuyaleta maji nyumbani. Jamani, ilikuwa hadithi tamu! Hata leo sijaijutia hadithi.

Tulifanya kila kitu kwa mikono yetu. Chombo tulikiunda kwa mapipa ya lami yaliyounganishwa, tukakibandika mabomba ya moshi ya matrekta mabovu. Nguo za wasafiri Saidi fundi cherehani alizishona kwa zile karatasi za fedha zinazotandikwa ndani ya masanduku ya chai. Saidi huyohuyo ndiye aliyekuwa nahodha, na kichwani alivaa sufuria iliyotobolewa dirisha. Akitembea anapiga kelele kama bati kwenye upepo, lakini sinema yetu ilikuwa bubu, kwa hiyo haikudhuru.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta vitu. Bwana Picha akisema nataka kamba, naleta kamba. Akisema nataka kuku anayefanana na kuku wa mwezini, naleta kuku, nampaka majivu. Nilijiona mtu mkubwa sana! Utingo gani mwingine alikuwa na kazi ya namna ile?

Safari ya mwezini tuliipiga picha kwenye majabali ya Masasi, na yalitupendeza. Ilibaki sehemu ya kisima. Hapo mimi kwa kiherehere changu nikasema, "Njooni ukweni kwangu Newala. Pale ukingoni mwa mteremko asubuhi mawingu yanakuwa chini yako. Ukisimama huoni dunia." Bwana Picha aliponisikia alinikumbatia.

Tukapanda na lori, mapipa ya chombo chetu yamepakiwa nyuma. Dereva alikuwa na mzigo wa kungojea, akasema tuna siku hiyo tu, kesho yake anashuka. Kweli mahali palikuwa pazuri. Mchanga mtupu, kisha ukingo, kisha hakuna kitu. Tukachimba shimo, tukalipanga mawe, tukatandika turubai ndani. Bwana Picha akaweka jicho kwenye kamera, akalitoa.

"Maji yako wapi?" akaniuliza.

"Maji gani?"

"Kisima cha mwezini kitakuwa na nini, uji?"

Wallahi sikuwa nimeyafikiria! Mimi mtu wa kutafuta vitu nilikuwa nimetafuta sufuria, nimetafuta kuku, maji nikayasahau. Kwetu Lukuledi maji si kitu cha kutafuta. Unachimba kidogo tu, yenyewe yanakutafuta.

Wasomaji wa mbali huenda hamjui Newala. Watu wako juu, maji yako chini. Wanawake wanashuka alfajiri kwa njia ya kuvunja miguu, wanangoja zamu kwenye chemchemi, wanapanda na mitungi kichwani, na wakifika jua limekwisha kuwa kali. Hayo yote niliyajua kwa kuambiwa. Kuambiwa si kitu.

Na wiki ile maji yalikuwapo nyumbani kwa Mama Anjela. Mengi! Mdogo wake Anjela, Tekla, alikuwa anatoka unyagoni kesho yake, na sherehe ilihitaji maji ya kupikia, ya kunywa wageni na ya kumwogeshea mwali. Wanawake wa ukoo wote walikuwa wameyapandisha siku baada ya siku. Mitungi ilipangwa nyuma ya nyumba kivulini, imefunikwa majani. Wenyewe walikuwa wamekwenda kwa mwali, nyumba haina mtu.

"Tunaazima," Bwana Picha akasema. "Tunamimina kwenye turubai, napiga picha, tunayachota, tunayarudisha. Maji hayaishi kwa kutazamwa."

Nikaona ana akili. Shetani akiwa na kamera huonekana ana akili! Tukaibeba mitungi mmoja mmoja mpaka ukingoni, tukamimina. Lo, kisima kiling'aa! Saidi akaja na sufuria yake, akapiga magoti, akaivua, akateka kwa viganja, akanywa, akajimwagia kichwani, akacheza. Bwana Picha alikuwa anazungusha kamera huku machozi yanamtoka. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na yeyote aliyeiona atawaambia.

Halafu Saidi akaacha kucheza. Akasema, "Mbona kina kinapungua?"

Turubai lilikuwa limetobolewa na panya wa ghalani, nami niliyelileta sikulikunjua hata kulitazama. Kwetu bondeni ingekuwa jambo dogo. Udongo wetu mzito, ukimwaga maji leo kesho mbu wamezaliwa. Lakini mchanga wa Newala! Tulichota kwa sufuria, kwa viganja, kwa kofia. Mpaka tunainua turubai, chini pamelowa tu kidogo, na hata pale palipobadilika rangi palikuwa panakauka tukitazama.

Nilikaa chini. Bwana Picha alikuwa ananiambia tusikate tamaa, picha tumeipata. Picha! Mimi nilikuwa naiona ndoa yangu inaingia mchangani.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana kumwaga maji ni ujinga, na ujinga husamehewa. Tulirudisha mitungi mitupu. Nikiwa nimesimama pale nyuma ya nyumba, nikamwona mbuzi wa jirani, Mzee Likwena, amefungwa kwenye kigingi, anatafuna. Nikamfungua kamba. Nikailaza mitungi ubavu. Mkono wangu huu! Wanawake waliporudi nikawapokea kwa uso wa msiba, nikasema, "Mama, nimemkuta mbuzi."

Mama Anjela aliitazama mitungi. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi, nami nikamtazama mbuzi.

"Huyu alikuwa amefungwa!" Mzee Likwena akaja anapiga kelele. "Nimemfunga kwa mkono wangu! Kamba hii hapa, haikukatika!"

"Basi amejifungua," nikasema. Mungu wangu, nilisema hivyo kweli.

Hakuna aliyegombana na mimi, mgeni na mkwe mtarajiwa. Wakamgombeza Mzee Likwena. Jioni ile wazee wakaamua mbuzi atachinjwa kwenye sherehe ili kufidia, na mzee wa watu akamtoa huku anatikisa kichwa. Kesho yake nikapewa ini, kwa heshima ya ukwe, watu wote wananitazama. Nikala! Lilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Lakini kabla ya sherehe kulikuwa na maji ya kupata. Wanawake hawakupumzika. Walijitwisha mitungi saa ileile ya jua kali, wakashuka mbio ili wapande kabla ya giza, na Mama Anjela akaenda nao kwa sababu sherehe ni ya mtoto wake. Wakati wa kupanda aliteleza. Mtungi ukavunjika, na goti likaumia. Alipandishwa kwa kushikiliwa huku na huku, na hakulalamika hata mara moja. Alichosema alipofika ni, "Tekla ataoga."

Goti halikupona upesi. Mwenye goti bovu Newala hawezi kuteka maji, na nyumba ile haikuwa na mwingine wa kuteka ila Anjela, kwani Tekla, hata baada ya unyago, bado ni mtoto asiyeweza mtungi mzima.

Na Anjela alikuwa anaondoka! Sijawaambia hili. Alikuwa amekubaliwa kwenda Lulindi kujifunza uuguzi. Alikuwa ameshona nguo, amesuka kikapu, ameaga marafiki. Tulikwisha kupatana kwamba akimaliza ndipo tufunge ndoa. Sasa akabaki. Lulindi wakangoja kidogo, kisha nafasi yake wakampa mwingine, wakasema ajaribu tena mwakani.

"Si kitu," Anjela aliniambia siku niliyopita na lori. "Ni mbuzi tu. Utamfanya nini mbuzi?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. Mimi nikajifanya nafunga kamba za magunia. Nafasi ya kusema ilikuwa hapo, imesimama mbele yangu, na nikaiacha ipite.

Filamu ilikuwa imepelekwa Dar es Salaam kusafishwa. Iliporudi Bwana Picha aliita watu wa Masasi na Newala, na kwa kuwa Newala ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa hadithi, akataka ionekane Newala kwanza. Bosi wangu akatupa ghala la korosho na mashine ya umeme. Tulionyesha mchana, baada ya kula, milango imefungwa na mianya imezibwa kwa magunia. Joto lake msiniulize! Watu walijaa mpaka juu ya magunia, jasho na harufu ya korosho, na kila mtu ana furaha.

Sinema bubu inataka msimuliaji. Kama mnavyojua, hata gari la serikali huwa na mtu wa kueleza. Nani msimuliaji wetu? Mimi! Nilisimama kando ya shuka na fimbo mkononi, nimevaa shati la kuazima, nikawa namwaga maneno. Chombo kilipoondoka watu walipiga vigelegele. Kuku wa mwezini alipotokea, mtoto mmoja alilia. Nilikuwa nimeiva, nawaambieni, nilijisahau kabisa.

"Na hapa, mabibi na mabwana," nikanguruma, "nahodha wetu anakigundua kisima cha mwezini! Tazameni maji! Maji yasiyokauka! Maji yasiyo na mwenyewe!"

Watu wakashangilia. Kisha sauti moja ikatoka mbele, kwenye mkeka, ya taratibu tu.

"Maji hayo mmeyatoa wapi?"

Nilimjua kabla sijageuka. Mama Anjela alikuwa amekaa amenyoosha mguu wake mbaya, Anjela ubavuni.

"Aka! Mama Anjela," mtu mmoja akamwambia, "hiyo ni sinema."

"Sinema naiona," akasema. "Nimeuliza maji. Pale ni ukingoni kwetu, na mchanga ni wetu. Kiangazi kile nani alikuwa na maji ya kucheza?"

Watu wote wakanigeukia. Bwana Picha akaninong'oneza kutoka gizani, "Sema ni kioo! Kioo!"

"Mama," nikaanza, "sinema ina ufundi wake, pale chini kuna kioo..." Na palepale kwenye shuka Saidi akavua sufuria, akateka kwa viganja, akanywa, akajimwagia kichwani.

"Kioo kinanyweka?" Mama Anjela akauliza.

Jamani, nilitamani mchanga wa Newala uninywe mimi. Fimbo ikaniponyoka. Nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "Ni yale ya kwako, mama. Ya Tekla."

"Ulisema mbuzi."

"Nilisema mbuzi, mama."

"Na ini ukala."

"Nikala, mama."

Hapo Mzee Likwena akaruka juu kutoka kwenye magunia kama kijana. "Alikuwa amefungwa!" akapiga kelele. "Nilisema! Nilisema mimi!" Ghala zima likaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashikana. Hata Mama Anjela nilimwona akijifunika mdomo kwa kanga, sijui alikuwa anacheka au anajizuia kitu kingine.

Anjela hakucheka. Aliinuka, akapita katikati ya watu, akafungua mlango wa ghala. Mwanga ukaingia, na mwezi wote kwenye shuka ukafutika.

Nilimfuata nje. Alikuwa amesimama kando ya lori letu, anayatazama yale mapipa ya chombo yaliyopakiwa nyuma.

"Maji ningekusamehe siku ileile," akaniambia. "Tungekutukana, tena tungekutukana vizuri, mama zangu wote na mimi. Halafu mngechukua lori hili, mngezunguka kwa barabara mpaka chini, mngetuletea maji ndani ya mapipa haya. Lori lilikuwa limesimama papo hapo! Ungefungua mdomo tu. Lakini mbuzi hana lori. Kwa hiyo mama akashuka kwa miguu."

Nililia pale barabarani mchana kweupe, mwanamume mzima na shati la kuazima.

Hukumu ilitolewa kesho yake, na haikuwa ndefu. Mzee Likwena nimemlipa mbuzi jike mwenye mimba, na kila nikipita kwake humsalimia mbuzi kwanza, mimi baadaye. Ndoa imesimama. Posa haikurudishwa, lakini hakuna anayeitaja. Anjela ataomba tena Lulindi, na mwaka huu ataondoka, kwa sababu mwenye kuteka maji nyumbani kwao amepatikana.

Ndiyo, mimi! Uutingo nimeuacha, wamempa mwingine. Nimejengewa kibanda nyuma ya nyumba, palepale mitungi ilipokuwa. Alfajiri nashuka na wanawake wa Newala, mwanamume peke yangu, nao hunitania njia nzima. Wamenifundisha kuzungusha ngata ya kichwani na kuweka shingo. Siku za kwanza nilifika juu nimelowa mabega, mtungi mwepesi kama kibuyu, na maji yangu Mama Anjela huyatumia kuoshea vyombo tu. Wanaume wenzangu hukaa njiani kunicheka, na wakinicheka hulia, "Meee!"

Bwana Picha yeye ameneemeka. Sinema yake inatakiwa kila mahali, na kisima kikitokea tu watu wote wanalia kama mbuzi. Ananiambia nimemtengenezea sinema ya kuchekesha bila kujua. Namwambia ashukuru, mimi nina maji ya kuteka.

Basi vijana wenzangu, hasa nyie wenye mambo makubwa vichwani, wenye kamera, wenye ngoma, wenye vyama, nawasihi. Kitu cha mtu usikiazime kabla hujakipata mwenyewe kwa jasho lako hata mara moja. Yashukie maji, yapandishe, halafu uone kama mkono wako utaweza kuyamwaga kwa ajili ya picha. Na ukishakosa, sema! Sema wangali wana nafasi ya kukutukana. Matusi ya siku moja ni nafuu sana, mimi sasa nayalilia.

Nilimuuliza Anjela juzi kama akirudi kutoka Lulindi atanikuta bado ni mchumba wake. Akaunyanyua mtungi wangu kidogo, akautikisa, akasikiliza maji yanavyopiga ndani. "Bado haujajaa," akasema, akaenda zake.

Leo nimeufikisha umepungua kidogo tu. Mama Anjela alikuwa kizingitini na mguu wake. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba baba. Akachungulia ndani ya mtungi, akayamimina yote kwenye mtungi wake wa kunywa.